Ukitaka kubobea katika sheria ya familia na mtoto, anza ukiwa chuoni

Mwanafunzi wa sheria akiniuliza aanzie wapi, humtuma kwanza kwenye kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Kifungu hicho kinazuia kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Kuna hali chache zinazosamehewa, mfano mwenza aliyemtelekeza mwenzake na hajulikani aliko. Nje ya hizo, hati ya Baraza isipokuwepo au ikiwa na kasoro, shauri linaweza kufutwa hata likiwa limeshafika Mahakama ya Rufani, na mama wa watu akaambiwa aanze upya. Ndiyo maana nasema jifunze utaratibu mapema kama unavyojifunza haki zenyewe.

Halafu soma hukumu nzima. Kila mwanafunzi anajua kwamba katika Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wachache wanajua kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa hiyo, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe na akazitumia vibaya. Anayeishia kwenye muhtasari wa darasani hawezi kumshauri mteja vizuri. Zisome pia hukumu za shauri la Rebeca Gyumi, ya Mahakama Kuu mwaka 2016 na ya Rufani mwaka 2019, kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria hiyo ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Lakini fani hii huiva mbele ya watu. Mimi nilijitolea kwenye kituo cha msaada wa kisheria nikiwa bado nasoma. Akaja mama na mfuko wa nailoni: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, barua ya shule kuhusu michango, na simu yenye meseji za miamala. Alisema anataka talaka. Tulimwacha aongee mpaka akamaliza, ndipo tukagundua kwamba shida iliyomleta ni matunzo ya mtoto, na hayo yanaombwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 bila ndoa kuvunjwa. Zile meseji zilionyesha baba alikuwa akituma fedha kila mwezi, kisha akaacha. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, naye hakujua. Tangu hapo, mteja akikaa mbele yangu, kalamu naiweka chini mpaka amalize kueleza.

Fahamiana pia na maafisa ustawi wa jamii. Mzozo wa nani akae na mtoto ukifika mahakamani, taarifa ya uchunguzi wao ina uzito mkubwa, na wao ndio waliofika nyumbani wakaona mtoto analala wapi na nani humpeleka shule. Omba mafunzo ya vitendo kwao kama unavyoomba kwa mawakili. Sheria ya Mtoto inamtaka hakimu aangalie, pamoja na mengine, maoni ya mtoto mwenyewe, ndugu wasitenganishwe, na malezi yasikatike ghafla. Ukishaona taarifa moja inavyoandaliwa, maneno hayo hutayasoma tena kama orodha ya kukariri.

Ukiwa Zanzibar mambo ni tofauti: Sheria ya Ndoa haitumiki huko, kuna Mahakama za Kadhi, na watoto wana sheria yao ya 2011. Usichanganye.

Kama chuo chako kina kitengo cha msaada wa kisheria, nenda ukajiandikishe muhula huu. Usisubiri mwaka wa mwisho, kwani watu wenye mashauri ya matunzo wapo kwenye foleni leo, na wengi wao hawana fedha ya wakili.