Tuzijue Nchi Jirani: Morisi, Kisiwa cha Miwa



Katika somo hili tunavuka Bahari ya Hindi kwenda Morisi, nchi ambayo kwenye ramani huandikwa Mauritius. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni nchi ya Afrika na ni jirani yetu kwa njia ya bahari. Pili, historia yake yote ni historia ya shamba na kiwanda. Tatu, mambo yaliyowapata wafanyakazi wa huko, mengine tumekwisha yaona kwetu na mengine bado yako njiani yanakuja.

Tunashauri somo hili lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu baada ya sehemu. Anayejua kusoma amsomee mwenzake. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

1. NCHI YENYEWE

Morisi iko mashariki ya Madagaska, ile nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini. Kutoka Bukini hadi Morisi ni kiasi cha kilomita 800 za maji matupu. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 65 na upana wa kilomita 45 hivi. Aliyefika Unguja anaweza kukisia: Morisi ni kubwa kidogo kuliko Unguja. Kuna pia kisiwa cha Rodrigues, upande wa mashariki, na visiwa vingine vidogo.

Kisiwa kilitokana na mlima wa moto uliotoka baharini. Kwa hiyo ardhi yake ina rutuba, lakini imejaa mawe meusi. Kabla ya kupanda muwa wa kwanza ilibidi mawe hayo yaondolewe kwa mikono. Hata leo yapo malundo makubwa ya mawe katikati ya mashamba ya miwa, yamepangwa kama vilima. Kila jiwe lilibebwa na mtu.

Mji mkuu ni Port Louis, na ndiyo bandari. Mlima mrefu kuliko yote una mita 828. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni majira ya tufani. Mwaka 1960 tufani iliyoitwa Carol ilibomoa nyumba nyingi mno na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Hii ni sababu moja ya miwa kushinda mazao mengine pale: upepo ukipita, mti wa matunda huvunjika, lakini muwa huinama na baadaye huinuka.

2. WATU WALIFIKAJE

Kisiwa hiki hakikuwa na wenyeji. Waholanzi walifika 1598 wakakipa jina la kiongozi wao, Maurits. Wao ndio walioleta miwa, na katika zama zao alimalizika yule ndege mkubwa asiyeruka, anayeitwa dodo. Waliondoka 1710. Wafaransa wakashika nafasi 1715.

Wafaransa walitaka mashamba, na mashamba yalitaka mikono. Walileta watumwa kutoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Basi tusisome habari za Morisi kama habari za wageni. Katika watu wa kule wamo wajukuu wa watu waliotoka huku.

Waingereza waliwanyang'anya Wafaransa kisiwa 1810. Utumwa ukafutwa tarehe 1 Februari 1835. Serikali ya Uingereza ikalipa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2, lakini fidia hiyo walipewa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu, tena waliambiwa waendelee kufanya kazi kwa mabwana wao kwa jina la "wanagenzi" hadi 1839. Walipoachiliwa kweli, wengi waliyapa mashamba kisogo.

Wenye mashamba walikuwa wamejiandaa. Tarehe 2 Novemba 1834 meli iitwayo Atlas ilileta Wahindi 36 wa kazi ya mkataba. Waliofuata baada yao, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walikaribia nusu milioni. Ngazi za mawe walizopanda pale bandarini, Aapravasi Ghat, ziliingizwa 2006 katika orodha ya urithi wa dunia.

Leo watu wa Morisi ni kiasi cha milioni moja na robo. Wengi asili yao ni India. Wapo wenye asili ya Afrika na Bukini, wapo Wachina na wapo wachache wenye asili ya Ufaransa. Wahindu ni karibu nusu ya watu wote, Wakristo karibu theluthi, na Waislamu wanafuata. Kiingereza ni lugha ya ofisi, Kifaransa ni cha magazeti, lakini lugha ya nyumbani, sokoni na kiwandani ni Krioli, iliyozaliwa humo humo mashambani.

3. MANAMBA WA MORISI

Wazee wetu wa mashamba ya mkonge wanalijua neno manamba: mtu aliyechukuliwa mbali, akapewa mkataba na namba, jina lake likasahauliwa. Wahindi wa Morisi walikuwa manamba kabla ya manamba wetu.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Mshahara wa mwanamume ulikuwa rupia 5 kwa mwezi, pamoja na posho ya mchele, dengu, mafuta na chumvi. Na makato yalikuwa ya mara mbili: ukikosa kazi siku moja, unakatwa mshahara wa siku mbili. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeugua wiki mbili alimaliza mwezi akiwa hana kitu, na aliyeugua zaidi alikuwa na deni.

Aliyemaliza mkataba naye hakuachwa. Sheria ya 1867 ilimtaka atembee na kipande chenye picha yake. Polisi walipomkuta hana, alikamatwa kama mzururaji. Watu waliwindwa barabarani, ili waone afadhali kurudi kuweka dole gumba katika mkataba mpya. Sisi wa nchi ambazo wazee wetu walivaa kipande shingoni hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini hawakukaa kimya. Mwaka 1871 watu 9,401 walitia saini au alama katika barua moja ya malalamiko. Mwenye shamba mmoja aliyeona haya kwa mambo yanayotendeka, Adolphe de Plevitz, ndiye aliyewasaidia kuiandika. Wenzake walimchukia, hata akapigwa hadharani. Tume ya kifalme ilikuja kuchunguza, na sheria zikalegezwa kidogo. Tuangalie jambo hili: barua ya mtu mmoja ingetupwa kapuni, bali alama 9,401 zilivuka bahari hadi London.

4. CHAMA KINAZALIWA

Hadi miaka ya 1930 mfanyakazi wa Morisi hakuwa na chama wala kura. Mwaka 1936 daktari mmoja, Maurice Curé, pamoja na wenzake walianzisha Chama cha Labour. Mwaka 1937 viwanda vilipunguza kwa asilimia 15 bei ya muwa wa aina ya Uba, ambao ulilimwa zaidi na wakulima wadogo. Wakulima na vibarua wakaungana wakagoma. Katika shamba la Union Flacq risasi zilipigwa na watu wakauawa.

Baada ya damu hiyo ndipo ilipotoka sheria ya 1938 iliyoruhusu vyama vya wafanyakazi kuandikishwa. Hata hivyo, mwaka huo huo makuli wa bandari walipogoma, kiongozi wao Emmanuel Anquetil alikamatwa na kupelekwa kisiwa cha Rodrigues.

Tarehe 27 Septemba 1943, huko Belle Vue Harel, polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma. Miongoni mwa waliokufa alikuwa mama mjamzito, Anjalay Coopen. Jina lake leo limepewa uwanja mkubwa wa michezo wa nchi hiyo.

Ikaja safari ya kura. Katiba ya 1947 ilisema anayeweza kusoma na kuandika sentensi nyepesi, kwa lugha yoyote inayotumika kisiwani, anaweza kupiga kura. Walimu wa kujitolea wakaingia vijijini usiku. Watu waliotoka shambani jioni walishika kalamu chini ya taa. Katika uchaguzi wa 1948 wapiga kura waliongezeka kutoka kiasi cha 12,000 hadi zaidi ya 70,000. Ndugu, elimu ya jioni ilibadilisha bunge. Hii ndiyo sababu hatuchoki kuwaomba mhudhurie masomo.

Uhuru ulipatikana 12 Machi 1968, chini ya Seewoosagur Ramgoolam. Nchi ikawa jamhuri tarehe hiyo hiyo mwaka 1992. Haina jeshi la kudumu. Ina polisi tu.

5. ZAO MOJA, BEI YA WENGINE

Mwaka 1961 mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, James Meade, alitazama kisiwa hiki akaona giza: watu wanaongezeka, zao ni moja, kazi hazitoshi. Alikuwa na hoja. Nchi iliyotegemea sukari peke yake haikuwa na neno juu ya bei ya sukari.

Mwaka 1975 Morisi iliingia katika mkataba na nchi za Ulaya, wa kuuza karibu tani nusu milioni za sukari kila mwaka kwa bei nzuri kuliko ya soko la dunia. Fedha hizo zilisaidia mno. Elimu ya sekondari ikawa bure tangu 1977, na hospitali za serikali hazitozi mgonjwa. Pensheni ya wazee wote, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuchangia, ilikuwako tangu 1958.

Lakini kilichotolewa Ulaya kinaweza kuondolewa Ulaya. Kuanzia 2006 bei hiyo ilianza kushushwa, hadi ikapungua kwa asilimia 36, na mkataba wenyewe ukafa 2009. Viwanda vya sukari, ambavyo wakati wa uhuru vilikuwa zaidi ya 20, leo ni vitatu. Maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kwa mpango wa kujiondoa kwa hiari, wakapewa fedha na kiwanja. Mashine ikaingia shambani mahali mawe yalipoondolewa. Viwanda vilivyobaki havitupi kitu: makapi ya miwa huchomwa kutoa umeme na kuuzwa kwa shirika la taifa. Na mitaji ya Morisi imevuka bahari kuja kwetu. Kiwanda cha sukari cha TPC karibu na Moshi kilipata wenye hisa wa Morisi mwaka 2000.

6. VIWANDA VYA NGUO NA MKATABA MPYA

Serikali haikungoja sukari ife. Sheria ya 1970 ilifungua eneo la viwanda vya kuuza nje, hasa vya kushona nguo. Miaka 20 baadaye viliajiri kiasi cha watu 90,000, wengi wao wanawake. Kwa mara ya kwanza wasichana wengi walishika mshahara wao wenyewe. Lakini masharti yalikuwa magumu: juu ya saa 45 za wiki, mwajiri aliweza kudai saa 10 za ziada, na mshahara wa chini wa mwanamke ulikuwa pungufu kuliko wa mwanamume.

Mwaka 2005 kanuni za dunia zilizogawa soko la nguo zilikwisha. Matajiri wengine walifunga milango wakahamia penye ujira mdogo zaidi. Waliobaki wakaleta wafanyakazi kutoka Bangladesh, India, Nepal na Bukini, wanaolala mabwenini na kufanya kazi kwa mkataba wa miaka. Leo nchi inaishi pia kwa watalii, kwa kazi za benki na kwa uvuvi. Ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka 2020, ilionekana kwamba mtalii naye anaweza kutoweka kwa siku moja kama bei ya sukari.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Wajukuu wa watu walioletwa kwa mkataba sasa wanafanya kazi bega kwa bega na watu walioletwa kwa mkataba. Ni rahisi kusema, "Hawa wageni wanatuharibia mshahara." Lakini mshahara hauharibiwi na mgeni. Unaharibiwa na mkataba ambao mgeni ametia saini peke yake, hana chama, na akilalamika anarudishwa kwao. Mwaka 2018 Morisi iliweka mshahara wa chini wa taifa zima. Sheria ya namna hiyo humlinda mwenyeji pale tu inapomfikia na mgeni.

7. WATU WA CHAGOS

Tusimalize bila kuwataja wafanyakazi wa minazi wa visiwa vya Chagos. Mwaka 1965 Uingereza iliviondoa visiwa hivyo katika Morisi kabla ya uhuru, ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wote, kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa. Wengi walishushwa Port Louis bila nyumba wala kazi. Walichojua ni kuvuna nazi na kukausha mbata. Wamedai haki kwa zaidi ya miaka 50. Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni 2019 kwamba kutengwa kwa visiwa hivyo hakukuwa halali, na Mei 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuvirudisha, kambi ikibaki kwa miaka 99. Shamba lao lilipohitajiwa na wakubwa, hakuna aliyewauliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wakati wa kufuta utumwa, nani alilipwa fidia na nani hakulipwa? Je, kiwanda au shamba linapofungwa kwetu, nani hulipwa kwanza?
2. Zao au bidhaa tunayoitoa sisi, bei yake inapangwa wapi? Nani kati yetu anaijua?
3. Katika kazi yetu wapo vibarua na wageni wasio na chama? Kikundi hiki kinaweza kuwafikiaje?
4. Kwa nini watu wa Morisi walijifunza kusoma usiku kabla ya 1948? Sisi tunaweza kuanzisha darasa wapi, na siku gani?

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyaleta ofisini kwetu. Majibu mazuri tutayafanyia kazi katika somo lijalo. Umoja ni nguvu.