SOMO: Mgeni Anakuja na Gari. Utaliweka Wapi?

Siku hizi watu wetu wengi wanapata riziki kwa kukaribisha wageni wa kulipa nyumbani. Mtu ana vyumba viwili ambavyo watoto waliviacha walipooa na kuolewa. Anavipaka rangi, ananunua mashuka, anatangaza kwa simu, na wikendi mgeni anafika. Wengine wanatumia Airbnb yenyewe, na wengine wanaita tu "Airbnb" hata kama mgeni ameletwa na mtu wa bodaboda. Jina si hoja. Tunapofundishana kazi hii tunaongea sana juu ya godoro, maji moto na chai ya asubuhi. Juu ya gari la mgeni hatusemi neno, na mara nyingi ni gari hilo linaloleta majirani mlangoni.

Nitatumia mji wa Naivasha, kwa maana huko jambo hili linaonekana wazi. Mbio za magari za Safari Rally zilirudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na kituo chake kikawa Naivasha. Mwanzoni zilifanyika mwezi wa Juni. Mwaka 2024 zilisogezwa Machi, na mwaka huo ziliangukia Pasaka yenyewe, tarehe 28 hadi 31. Siku kama hizo hoteli zinajaa, na watu wa Nairobi wanatafuta kitanda popote: mjini, kando ya barabara ya Moi South Lake, hata kwa watu wa kawaida mitaani. Tena hawaji kwa basi. Mtu anayependa mbio za magari anakuja na gari.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mama mmoja mjane. Ploti yake ni futi 40 kwa 80, kama ploti nyingi za miji yetu. Ana vyumba viwili vya wageni, na fedha za siku nne za mashindano amezihesabu tayari: ni karo ya muhula wa pili. Vijana wanne wanampigia simu, wanakubaliana bei, wanatuma fedha. Mama anadhani watakuja na gari moja. Ijumaa jioni yanafika matatu, maana kila mmoja amekuja na lake na mwingine amebeba rafiki. Moja linaingia ndani ya geti. La pili linaegeshwa kando ya barabara. La tatu linasimama mbele ya geti la jirani, "kwa dakika tano tu." Kisha vijana wanaondoka kwa miguu kwenda kula nyama choma, na funguo wanazo mfukoni.

Saa nane za usiku mkaza mwana wa jirani anashikwa na uchungu. Mzee anawasha gari lake, anafungua geti, anakutana na gari asilolijua. Anagonga kwa mama. Mama anapiga simu, simu ya mgeni imezimwa. Mwisho yule msichana anapelekwa hospitali kwa bodaboda, ameshikiliwa na mama mkwe wake nyuma, katika giza na vumbi.

Hata kama mtoto alizaliwa salama, tazameni hasara. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akimwangalizia mama nyumba anaposafiri. Ndiye aliyempa maji mfereji ukikauka. Wale vijana Jumatatu wameshaondoka, na hawatamkumbuka mzee huyo. Mama atakutana naye kila asubuhi. Karo imepatikana, lakini ujirani wa miaka mingi umeharibika, na hakuna mahali unauzwa.

Kwa hiyo ningependa tushike jambo moja katika somo hili: mwenyeji ahesabu nafasi za magari kabla ya kuhesabu vitanda. Kama una vitanda sita na nafasi ya gari moja, wewe huna nyumba ya wageni sita wenye magari. Una nyumba ya wageni wa gari moja. Wengine waje kwa matatu, au watafutiwe nafasi kwingine kabla hujapokea hata shilingi.

Pima, usikadirie

Chukua tepu. Gari dogo la kazi kama Toyota Probox lina urefu wa mita 4.2 hivi na upana wa mita 1.7. Land Cruiser Prado inakaribia mita 4.8 kwa urefu na mita 1.9 kwa upana. Ongeza nafasi ya kufungua milango pande zote mbili, mita 2.5 kwa upana ndiyo ya kukutosha bila kugombana. Geti lako nalo lipimwe. Geti la futi 8 linapitisha gari dogo, lakini dereva mgeni, usiku, akikata kona kutoka barabara nyembamba, atakwaruza. Futi 10 ni afadhali.

Kisha tazama chini. Hapa watu wanasahau kabisa. Prado ina uzito wa zaidi ya tani 2. Je, unajua shimo lako la maji taka liko wapi, na kifuniko chake kilimwagwa zege nene kiasi gani? Je, kuna choo cha zamani kilichofukiwa? Weka mawe makubwa au mapipa ya maua kuzunguka mahali hapo, gari lisiweze kufika hata kwa bahati mbaya. Udongo wa Naivasha ni wa majivu ya volkano, mlaini. Wakati wa kiangazi ni vumbi, na masika inapoanza, miezi hiyo hiyo ya Machi na Aprili, magurudumu yanazama. Maramu au kokoto kidogo kwenye njia mbili za magurudumu zinatosha. Si lazima ununue kabro.

Uliza kabla ya kupokea fedha

Wenyeji wengi wanaona haya kuuliza. Wanafikiri mgeni ataudhika na kwenda kwingine. Mimi naona kinyume: mgeni mwenye gari anafurahi akiulizwa, kwa sababu anajua mtu huyu amelifikiria. Tuma ujumbe wa namna hii:

"Karibu Naivasha. Mnakuja na gari ngapi, na ni za aina gani? Kwangu ndani ya geti iko nafasi ya gari moja. Gari ya pili nitaipangia mahali pa kulipia, lakini niambie leo. Mbele ya geti za majirani hatupaki hata kidogo, mchana wala usiku."

Akijibu kwamba ni matatu, mpe jibu lako la kweli. Usiseme "njooni tu, hatutakosa." Neno hilo limevunja urafiki mwingi.

Na kama magari mawili yatakaa mmoja nyuma ya mwingine, uliza nani anatoka mapema. Anayekwenda alfajiri kutazama mbio aegeshe mwisho, ili asiamshe nyumba nzima. Kila gari liachwe na karatasi kiooni yenye namba ya simu, na simu hiyo isizimwe. Ufunguo ukibaki kwako, usimpe kijana wa nyumba aendeshe gari la watu. Akiligonga, bima ya mwenye gari inaweza kukataa kulipa, na deni litakurudia wewe.

Nenda kwa jirani kwanza

Nimesikia wenyeji wakisema, "Barabara ni ya serikali, jirani hawezi kunizuia." Ni kweli kwamba kwa Katiba ya 2010 mambo ya barabara za kaunti na maegesho yako chini ya serikali ya kaunti, si chini ya mwenye ploti. Lakini sheria hiyo hiyo haikupi wewe barabara, na kufunga njia ya mwenzako ni kosa hata kama geti lake ni la mabati. Vilevile mitaa ya Naivasha ina mabasi ya kubeba wafanyakazi wa mashamba ya maua kabla jua halijatoka. Gari moja lililoegeshwa vibaya kwenye kona linawachelewesha watu wa zamu nzima.

Basi nenda kwa jirani siku chache kabla, wala usitume mtoto. Sema wazi: "Mzee, Ijumaa nitakuwa na wageni wa mashindano. Wana gari mbili. Moja nitaiweka kwangu. Ningeomba ile nyingine ilale kwako, na usiku mmoja nitakupa shilingi 300." Akikubali, mpe fedha zake mapema, si baada ya wageni kwenda. Akikataa, shukuru. Haki yake. Kwa vyovyote ameshajua ni magari ya nani, na hatashtuka kuyaona. Mjulishe pia mzee wa Nyumba Kumi. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, na gari geni lililolala mtaani bila mwenyewe kujulikana ni jambo ambalo ana haki kuliuliza.

Njia nyingine ni uwanja wa shule au wa kanisa ulio karibu. Hapo elewana na wasimamizi, upate risiti. Usielewane na bawabu peke yake, hata kama ni mtu mwema.

Walio katika magorofa

Kama unaishi kwenye fleti, mambo ni mengine. Ukiwa mpangaji, soma mkataba wako: unaruhusiwa kulaza wageni wa kulipa? Namba ngapi ya maegesho ni yako? Kama ulinunua, Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inaweka mambo ya pamoja, kama njia na uwanja, mikononi mwa shirika la wenye nyumba wote, na shirika hilo lina kanuni zake. Nafasi ya jirani aliyesafiri si nafasi yako. Muulize kwa simu, na majibu yake yawe kwa maandishi ili askari wa geti ayaone.

Vipi kuhusu wizi? Watu wanaandika kibao: "Egesha kwa hatari yako mwenyewe." Kiandike, lakini kisikulaze usingizi. Kenya ina sheria, Sura ya 34, inayompa mwenye mahali wajibu wa kuwa mwangalifu kwa watu anaowakaribisha. Kama unajua shimo liko wapi na hukulifunika, kibao cha jumla hakiwezi kuwa ngao yako. Weka taa inayomulika gari, mlipe askari wa usiku sawasawa, na mwambie mgeni asiache laptopu kitini.

Likiwa limeshatokea

Geti la jirani limefungwa, mgeni hapatikani. Nenda kwa jirani wewe mwenyewe, hata kama ni saa nane usiku na umejifunga leso. Usimtetee mgeni. Kama kuna mgonjwa, tafuta gari na ulipe wewe, palepale. Utamdai mgeni asubuhi. Wazuie vijana wasitoe upepo kwenye magurudumu, kwa maana gari likikosa upepo litaendelea kufunga njia. Asubuhi mgeni aende na wewe kuomba radhi kwa mdomo wake.

Zoezi la kikundi

Mkikutana mara ijayo, msikutane ukumbini. Kutaneni kwa mwanachama mmoja anayekaribisha wageni. Mwenye tepu aje nayo, mwenye gari kubwa aje nalo. Jaribuni kuliingiza na kulitoa mara mbili, mara moja mchana na mara moja giza likiingia, na mwite jirani wa upande wa kulia na wa kushoto watazame.