Skrini ya Utabiri wa Mvua: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Kibabii na Kitale

Mwezi wa Novemba, mkulima wa Kitale aliyeanika mahindi kwenye turubai ana swali moja: mvua itanyesha leo kabla hajayaingiza ghalani? Data ya kumsaidia hutolewa bure mara nne kwa siku. Modeli ya Marekani iitwayo GFS huanza hesabu zake saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa za Kenya, ikitabiri hadi siku 16 mbele. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, nacho kimefungua data yake. Kazi iliyobaki ni kuigeuza data hiyo iwe skrini inayosomeka, na mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kibabii mwenye laptopu ya kawaida anaiweza.

Kwanza punguza mzigo. Faili moja la GFS la dunia nzima lina mamia ya megabaiti, na hilo ni la hatua moja tu ya utabiri. Bando litakwisha kabla ya chai ya saa nne. Seva za NOAA, shirika la Marekani linaloendesha GFS, zina ukurasa wa kuchujia: chagua mvua, joto na upepo pekee, kisha kata eneo la nyuzi 0 hadi 2 kaskazini na 33.5 hadi 36 mashariki. Humo mna Bungoma, Kitale, Mlima Elgon, vilima vya Cherangani na pembe ya Ziwa Victoria.

Mafaili huja katika muundo wa GRIB2. Lugha ya Python, pamoja na maktaba za xarray na cfgrib, huyafungua. Matplotlib na Cartopy huchora ramani. Leaflet huiweka kwenye ukurasa unaofunguka hata katika simu. Ushauri wangu ni kuchakata kila kitu upande wa seva, ili simu ya msomaji ipakue picha nyepesi tu.

Vipimo ndivyo huwaumbua wengi. Joto huja kwa kelvini, basi toa 273.15. Mvua ya ECMWF huja kwa mita, tena ikiwa jumla tangu mwanzo wa utabiri. Usipotoa jumla ya hatua iliyotangulia, ramani yako itaonyesha mvua isiyokatika wiki nzima. Upepo huja vipande viwili, cha mashariki na cha kaskazini, na kasi yake hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Saa nazo ni za UTC, zilizo nyuma ya za Kenya kwa saa tatu. Ukiandika 12:00 bila kubadilisha, msomaji ataielewa kuwa adhuhuri, kumbe ni saa 9 alasiri, wakati ambao ngurumo za Elgon mara nyingi zimeshaanza.

Sasa tufike penye utata. Nukta za gridi ya GFS unazopakua zimeachana kwa robo ya nyuzi, yaani kilomita 28 hivi. Kitale imebahatika kukaa karibu kabisa na nukta ya nyuzi 1 kaskazini na 35 mashariki. Kibabii iko kati ya nukta mbili. Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, kwenye modeli hubonyezwa ukawa kilima kipana, na miteremko inayoinua hewa yenye unyevu hupotea. Lakini programu za kuchorea hulainisha rangi kati ya nukta, na ghafla ramani inaonekana kana kwamba inajua tofauti ya Chwele na Kapsokwony. Haijui. Zima ulainishaji huo, acha miraba ionekane. Ramani itakuwa na sura ya viraka, na mimi naona hiyo ndiyo sura yake halali.

Joto unaweza kulirekebisha kidogo: linganisha kimo cha nukta katika modeli na kimo halisi cha mahali, kisha punguza au ongeza nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000. Mvua hairekebishiki kirahisi hivyo.

Kwa mvua, heri uonyeshe uwezekano. GFS ina kundi lake la mikimbio 31, GEFS, kila mmoja ukianza na hali iliyotofautiana kidogo na wenzake. Tuseme 22 kati yake imeleta zaidi ya milimita 5 alasiri: andika "22 kati ya 31", maneno ambayo mwenye turubai ataelewa haraka kuliko asilimia. Rangi zitoke nyeupe hadi buluu iliyokoza. Usitenganishe kavu na mvua kwa kijani na nyekundu, maana wapo wasiozitofautisha.

Usitoe tahadhari yako mwenyewe ya mafuriko au mvua ya mawe. Hiyo ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Weka kiungo chake juu ya ramani, pamoja na saa modeli ilipoanza kukimbia. Chini ya ramani weka jedwali la utabiri wa jana na mvua iliyopimwa kweli. Kipimamvua cha shule, kikisomwa kila siku saa 3 asubuhi, kinatosha kuanzia.