Somo la Leo: Kufunga Chakula cha Nyumbani kwa Msafiri wa Ndege

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, maana imenifundisha kuliko semina nyingi nilizokaa.

Mdogo wangu wa kike alipata nafasi ya kusoma Ulaya. Mama akaandaa mzigo kama mama yeyote wa Kisukuma: matobolwa kilo 3, samli ya ng'ombe wa nyumbani, nyama iliyokaushwa, karanga za kukaanga na vifurushi vya mbegu za mlenda na nyanya chungu. Mimi bwana shamba ndo niliyefunga begi. Matobolwa niliyachota kwenye salfeti ya zamani, nikayatia kwenye mfuko wa rambo, nikafunga fundo.

Alipofika, begi likafunguliwa. Samli ikatolewa, nyama ikatolewa, mbegu zikatolewa. Mfuko wa matobolwa ulipofunguliwa, chini kulikuwa na unga, na juu ya unga dumuzi wanatembea. Navyo vikaenda kuteketezwa. Zikabaki karanga. Akanipigia simu: "Kaka, wewe si ndo unawafundisha watu kuhifadhi mazao?" Nikakosa jibu. Mama yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo hajala?"

Kwanini wanakagua hivyo?

Wengi tunasema wazungu wanaringa. Hapana. Jibu tunalo hapa hapa kwetu. Dumuzi sio mdudu wa Afrika, asili yake ni Amerika ya Kati. Huku kwetu aligundulika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa majirani zetu wa Tabora, kisha akasambaa kupitia mahindi na muhogo mkavu. Wazee wengine walimwita Scania, kwa jinsi anavyobomoa. Leo kila msimu unanunua dawa ya kuhifadhia mahindi, miaka 40 na zaidi baadaye.

Nzi wa matunda anayeharibu maembe yetu naye asili yake ni Asia, aligundulika Afrika Mashariki mwaka 2003. Kantangaze wa nyanya ametoka Amerika ya Kusini, akafika Tanzania mwaka 2014. Mliolima nyanya mnajua alichowafanya.

Sasa ukiangalia hivyo, yule mkaguzi uwanjani anamlinda mkulima wa kwao dhidi ya dumuzi wangu. Ningekuwa yeye, ningefanya vile vile.

Kipi kinapita, kipi hakipiti

Nachukua mfano wa nchi za Umoja wa Ulaya. Nchi nyingine zina orodha zao, hivyo msafiri asome tovuti rasmi ya nchi anayokwenda kabla ya kufunga begi.

1. Nyama na maziwa: hapana. Hapo ingia nyama kavu, samli na jibini, hata kama ni kidogo.

2. Matunda mabichi, mboga mbichi, viazi vitamu vibichi na mbegu za kupanda: vinatakiwa viwe na cheti cha afya ya mimea. Sheria hii ilianza tarehe 14 Desemba 2019. Matunda matano tu yamesamehewa cheti: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo nanasi la Geita linaingia, lakini embe la Shinyanga bila cheti linabaki kwenye pipa.

3. Asali: hadi kilo 2 kwa matumizi ya msafiri mwenyewe.

4. Samaki waliokaushwa, wakiwemo dagaa wetu wa ziwani: samaki kwa jumla wasizidi kilo 20.

5. Vyakula vikavu vya mimea kama matobolwa, michembe na karanga zilizokaangwa: masharti yake ni mepesi kuliko vibichi. Ila akikutwa mdudu hai, umekwisha.

Kwa Marekani, msafiri anatakiwa kutangaza kila chakula alichobeba. Kilichotangazwa kikikataliwa, kinachukuliwa tu. Ukificha, unaongezewa na faini.

Cheti cha afya ya mimea hapa nchini kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, makao makuu yake yako Arusha. Uliza mapema, usisubiri siku ya safari.

Namna ya kuandaa matobolwa ya safari

Hatua hizi ndizo nilizoziruka:

- Tumia matobolwa mapya ya msimu huu. Usichanganye na ya zamani hata kidogo.
- Anika juu ya turubai au kichanja, usianike chini. Udongo nao unakataliwa.
- Kausha mpaka kipande kikikunjwa kinavunjika. Kikipinda, rudisha juani.
- Chambua kimoja kimoja. Chenye tundu dogo la mviringo au unga, toa.
- Ukipata friza, yaweke humo siku 7 yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Baridi inaua mdudu pamoja na mayai.
- Funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, mpya. Andika nje: jina la chakula, kimetengenezwa na nini, uzito na tarehe.
- Weka sehemu rahisi kufunguliwa, na msafiri atangaze mwenyewe kabla hajaulizwa.

Asali isiwekwe kwenye begi la mkononi. Viwanja vingi bado havipitishi huko kimiminika kinachozidi mililita 100.

Hii inakuhusu nini wewe mkulima wa biashara?

Inakuhusu sana. Mkaguzi anayefungua begi la mwanafunzi na yule anayefungua kontena lako la dengu wanatafuta kitu kile kile: mdudu hai, udongo, na mzigo usiojulikana umetoka wapi. Tofauti ni hasara. Mdogo wangu alipoteza kilo 3. Wewe unaweza kupoteza tani, na mnunuzi asikupigie tena.

Jambo la pili ni kurudi. Ukienda nje usirudi na mbegu mfukoni eti ni "za kisasa". Mbegu inaingia kwa kibali na cheti. Ukikosea, jirani zako wote watalipa, kama tunavyomlipia dumuzi mpaka leo.

Mwaka huu mama alipata mtu wa kumbebea tena. Safari hii tulikaa wote watatu, mama, mke wangu na mimi, tukachambua kilo 2 za matobolwa mpaka jioni. Yule msafiri alitangaze, mkaguzi akafungua, akaangalia, akarudisha. Wiki ile ile mdogo wangu akatuma picha: matobolwa, karanga na kikombe cha chai. Nikampelekea mama simu aione.

Kazi ya nyumbani: leo fungua salfeti moja ya mazao uliyohifadhi, chota kutoka chini kabisa, mimina kwenye ungo na uangalie. Usiogope utakachokiona. Bora ukione wewe kabla ya mkaguzi.

Tukutane somo lijalo.