MAFUNZO KABLA YA RISASI: NANI ATAYALIPIA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mandera

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeifanyia insha mara nyingi. Lakini sisi wa Mandera hatuisomi vitabuni tu. Sisi ndio nyasi wenyewe. Ndiyo maana mwaka huu sikuandika hadithi. Nimeamua kuandika somo kuhusu jambo moja: jinsi watu wanaoishi karibu na vita wanavyoweza kufunzwa kujiokoa, na pesa za mafunzo hayo zinaweza kutoka wapi.

Mahali tulipo

Mji wetu uko kwenye pembe ya Kenya, karibu kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Kaskazini kuna Mto Daua na Ethiopia. Mashariki kuna Somalia, na mji wa Bula Hawa uko hapo tu, ukisimama mpakani unaona paa zake. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, maelfu ya watu walivuka wakaja kwetu. Tangu hapo amani ya upande ule imekuwa ya kuja na kuondoka. Machi 2020 na tena Januari 2021, majeshi ya serikali ya Somalia yalipigana na yale ya Jubaland huko Bula Hawa, na risasi zikafika hata upande wetu. Julai 2025 vita vikarudi. Risasi haina pasipoti.

Wala si sisi peke yetu. Januari 2025, wakati mji wa Goma huko Kongo ulipokuwa ukitekwa, makombora yaliangukia Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ng'ambo ya mpaka, yakaua raia ambao hawakuwa wamebeba hata fimbo. Huko Ukraine, mji wa Kharkiv uko kama kilomita 30 kutoka mpaka wa Urusi. Tangu Septemba 2023 watoto wengine huko wamesomea ndani ya vituo vya treni vya chini ya ardhi. Kwa hivyo swali letu ni la watu wengi duniani.

Siku ambayo nilijifunza

Januari 2021 nilikuwa na miaka 11. Milio ilianza alfajiri. Mimi na binamu yangu tulitoka mbio, si kukimbia hatari bali kwenda kuitazama! Nyanya yetu, ambaye sisi humwita Ayeyo, akatupigia kelele turudi. Binamu yangu alikuwa nyuma. Kitu kikapiga ukuta wa jirani, na kipande kikamkata kwenye mguu, chini ya goti. Mpaka leo hatujui kilikuwa kipande cha nini.

Damu ilitoka kama maji ya mfereji. Watu walijaa, na kila mtu akawa daktari. Mmoja alisema tuweke majani ya chai. Mwingine alikuja na sukari. Mwingine alisema mafuta ya taa. Kisha akaingia kijana mmoja wa mtaa, mwendesha bodaboda, ambaye hata hatukumdhania kuwa na elimu yoyote ya hospitali. Akamlaza binamu yangu chini, akavuta garbasari ya Ayeyo kutoka mabegani mwake, akaikunja na kukandamiza jeraha kwa mikono miwili. Hakuachilia hata mara moja kuchungulia. Kitambaa kilipolowa alitaka kingine akaongeza juu yake. Hivyo hivyo mpaka tukafika hospitali.

Ayeyo aligombana naye baadaye kuhusu garbasari yake, kwa mzaha. Alama ya damu haikutoka, na hataki kuitupa.

Nilipokua nilimwuliza yule kijana alijifunza wapi. Akaniambia, "Siku mbili tu, kwa mafunzo ya vijana. Yalipaswa kuendelea lakini mradi uliisha." Siku mbili! Na neno hilo la mwisho, "mradi uliisha", ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mafunzo hufundisha nini?

Watu wengine wakisikia mafunzo ya dharura wanafikiri ni kufundishwa kushika bunduki. La hasha. Ni mambo manne.

Kwanza, kujikinga. Milio ikianza, lala chini, kaa mbali na dirisha na mlango. Nenda chumba cha ndani ili pawe na kuta mbili kati yako na nje. Mabati na miti haizuii risasi, ukuta wa mawe ni afadhali. Usipande juu ya paa wala usitoke kutazama (nimewaambia yaliyotupata).

Pili, kuzuia damu. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu, na mshipa mkubwa ukikatika anaweza kufa kwa dakika chache kabla gari halijafika. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia. Kama kuna kitu kimedunga ndani, usikitoe. Kandamiza pembeni yake. Mkono au mguu ukikataa kuacha kutoa damu, hufungwa kamba pana juu ya jeraha, si kwenye kiungo, na saa iliyofungwa huandikwa. Lakini hiyo ya kamba inahitaji kufundishwa kwa mikono, haitoshi kusoma hapa. Majani ya chai, dawa ya meno na mafuta ya taa hayana kazi kwenye jeraha.

Tatu, kujua vitu vilivyobaki. Vita vikiisha, makombora ambayo hayakulipuka hubaki shambani na barabarani. Mtoto huona chuma kizuri cha kuuza. Sheria ni moja: usiguse, usirushie jiwe, rudi kwa njia uliyokuja nayo, mwambie chifu au polisi.

Nne, mpango wa nyumba. Familia ikubaliane mahali pa kukutana. Mtoto mdogo ajue jina lake kamili na la mzazi wake. Vitambulisho na vyeti vikae kwenye mfuko mmoja. Na kila mtu ajue nambari za simu: 999 au 112 za polisi na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Mafunzo haya yana historia ndefu. Juni 1859 Henry Dunant, mfanyabiashara kutoka Uswisi, aliwakuta maelfu ya majeruhi wa vita vya Solferino huko Italia. Waliowahudumia wengi walikuwa wanawake wa kijiji cha karibu, bila vifaa na bila mafunzo. Dunant alipendekeza kwamba watu wafunzwe wakati wa amani, vita vikija wawe tayari. Wazo lake likazaa Msalaba Mwekundu mwaka 1863. La kwetu Kenya liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965.

Moyo tunao, ufundi ndio haba

Kuna mtu atasema watu wetu ni waoga. Siyo kweli. Desemba 2015 basi lilivamiwa likija Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016. Huo ni ujasiri usiofundishwa na semina yoyote. Lakini ujasiri peke yake hauzibi mshipa. Mtu mwenye moyo akipewa na ufundi, ndipo anapookoa.

Sasa twende kwa pesa

Tufanye hesabu kidogo. Niliulizia bei hotelini na duka la dawa, kwa hivyo haya ni makisio yangu mwenyewe. Chukua darasa la watu 30 kwa siku 2. Chai na chakula shilingi 300 kwa mtu kwa siku ni 18,000. Walimu 2, kila mmoja 1,500 kwa siku, ni 6,000. Bandeji, glavu na vitambaa 5,000. Karatasi za maelezo 1,000. Jumla ni shilingi 30,000, yaani shilingi 1,000 kwa kila mtu. Kama kila mmoja atawafundisha watu 5 nyumbani kwake, gharama inashuka hadi kama shilingi 167 kwa mtu. Linganisha na nauli ya ndege ya kumpeleka majeruhi mmoja Nairobi, halafu wewe mwenyewe useme ipi ni ghali.

Basi nani alipe? Wengi wetu hujibu haraka: wafadhili. Tunawashukuru, lakini mfadhili ni kama mvua ya huku kwetu. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Miradi mingi ulimwenguni ilikatika katikati. Mgema hakosi mnazi mmoja, lakini sisi tumetegemea mnazi wa jirani.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya zimamoto na kusimamia maafa. Serikali ya taifa nayo imepewa ulinzi wa nchi na sehemu yake ya maafa. Kwa hivyo jukumu lina wenyewe.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata mimi nilikosea mpaka mwalimu wetu wa historia na serikali akanisahihisha. Nilidhani mafunzo yatalipwa na Hazina ya Dharura ya kaunti. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inasema hazina hiyo ni ya haja ya haraka ambayo haikutarajiwa, na malipo yake ya mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Yaani hazina hiyo hufunguka baada ya risasi kulia. Nayo mafunzo ni ya kabla. Na tena, ni nani hapa Mandera atasema vita vya ng'ambo havikutarajiwa?

Kwa hivyo pesa za mafunzo lazima ziwe katika bajeti ya kawaida, na bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha hufika Februari 28. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Sisi hufanya nini? Vita vikilia tunajaa barazani kulalamika. Vikitulia tunarudi dukani. Mikutano ya bajeti inafanyika ukumbini na viti vitupu. Atakaye cha mvunguni sharti ainame, na wakati wa kuinama ni ule wa utulivu.

Majibu kwa wanaopinga

Wazee wengine husema kujifunza habari za vita ni kuviita. Kwa heshima, wazee wetu, mtu akichimba mtaro kabla ya masika hajaita mvua. Mvua huja yenyewe, naye nyumba yake haiingii maji.

Wengine husema pesa zitaliwa kwa posho na semina za hotelini. Hapo wana haki. Nimeona semina ambapo watu walitia sahihi, wakala kuku, wakaondoka bila kugusa bandeji. Dawa yake ni hii: mafunzo yafanyike mtaani, shuleni na kwenye kituo cha afya. Pesa zinunue vifaa kwanza. Hesabu zibandikwe ubao wa chifu kila mtu asome. Na kila muhula kufanywe zoezi tuone kama watu bado wanakumbuka.

Jambo la mwisho, wanawake wasisahaulike. Milio ikianza asubuhi, baba yuko kazini au malishoni. Walio nyumbani ni mama, nyanya na watoto. Tena wafunzwe kwa lugha wanayoielewa. Nilipomsomea Ayeyo karatasi ya huduma ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilibidi nitafsiri kila mstari kwa Kisomali. Alipoelewa aliniuliza, "Kwani hii ilikuwa siri?"

Hitimisho

Wasomaji wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wanafunzi hatupigi kura, lakini tunajua kusoma na kuandika. Napendekeza chama chetu kifanye mambo mawili mwaka ujao: tuandike karatasi moja ya mafunzo kwa Kiswahili rahisi na Kisomali, kisha tuombe nafasi ya dakika tano katika mkutano wa bajeti wa wadi yetu kabla ya Februari 28. Yule kijana wa bodaboda amekubali kuja kutufundisha siku yoyote ya Jumamosi, bila malipo. Amesema tumletee chai tu, na mtu alete garbasari kuukuu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Hazina ya Dharura haifai kulipia mafunzo?
2. Taja makosa matatu yaliyofanywa siku binamu wa mwandishi alipoumia.
3. Familia yako imekubaliana kukutana wapi? Kama hujui, uliza leo jioni.