Tuliulize Jedwali, Lakini Tuhesabu Kwanza



Bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika mji wa Nzega, lakini vijiji vingi vya wilaya yetu bado hutegemea visima vya pampu ya mkono. Taarifa za visima hivyo tunaziweka katika jedwali la Excel: kila mstari ni kisima kimoja, kila safu wima ni taarifa moja. Katika somo hili tunajifunza kuliuliza jedwali hilo kutoka ndani ya programu, kwa amri za SQL, yaani lugha ya kanzidata.

Amri yenyewe

Programu hulisoma faili kupitia kiunganishi cha ODBC. Jina la karatasi huwekwa ndani ya mabano ya mraba na kumaliziwa na alama ya dola:

SELECT Kijiji, SikuBilaMaji FROM [Visima$] WHERE SikuBilaMaji > 14

Maana yake: chagua kijiji na siku, kutoka karatasi ya Visima, pale ambapo siku zimezidi 14. Majibu ndiyo orodha ya safari ya fundi.

Tahadhari

Kiunganishi hakijui kama safu ni ya namba au ya maneno. Kwa kawaida husoma mistari 8 ya kwanza, kisha hukisia. Kikiona namba ndizo nyingi, maneno yote katika safu hiyo hurudishwa kama nafasi tupu.

Sisi yalitukuta. Kisima cha kijiji kimoja tulikiandikia "wiki 6" badala ya 42. Hakikutokea kwenye orodha, wala kompyuta haikutoa onyo lolote. Fundi alitengeneza pampu ya kijiji jirani akarudi, na akina mama wa kijiji kile wakaendelea kuchota maji lamboni. Waliokaa muda mrefu zaidi bila maji ndio tuliowaacha.

Tufanye nini?

1. Safu ya namba iandikwe namba tu. Kisima kizima kiandikwe 0. Maelezo yawe na safu yake.

2. Kabla ya kuuliza, tuhesabu nafasi tupu:

SELECT COUNT(*) FROM [Visima$] WHERE SikuBilaMaji IS NULL

3. Jibu likizidi 0, tufungue jedwali na kuangalia kwa macho, mstari kwa mstari, kabla fundi hajaondoka.

Swali la kujadiliana: Katika majedwali ya ofisi yenu, ni nani haonekani kwa sababu tu ya namna alivyoandikwa?