Njia za Maji na Umeme Zipangwe Kabla ya Ukuta Kupanda

Nyumba nyingi za Kapalamsenga, kama zilivyo za vijiji vingine mkoani Katavi, hazijengwi kwa mkupuo. Mwaka huu mwenye nyumba hufyatua na kuchoma matofali; mwaka unaofuata, akishauza mavuno, huweka msingi; kisha boma husimama likisubiri bati. Utaratibu huo hauna kasoro, kwa kuwa humwezesha mwananchi kujenga kwa kadiri ya uwezo wake. Kasoro huja pale ambapo maji na umeme hukumbukwa mwishoni, lipu ikiwa imekwisha kukauka. Hapo fundi huingia na nyundo na patasi, akaanza kubomoa kile alichojenga mwenzake.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kuzipanga njia hizo mapema, hata kama fedha za nyaya na mabomba bado hazijapatikana.

Hasara ya kutindua ukuta

Mfereji unaochimbwa ukutani hupunguza unene wa ukuta mahali hapo. Kanuni ifuatwayo na wajenzi ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa sentimita 15, hiyo ni sentimita 5 kwa wima na sentimita 2.5 tu kwa mlalo. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliounganishwa kwa udongo huhitaji hadhari zaidi, kwa sababu mapigo ya nyundo hulegeza hata matofali yasiyoguswa. Mwenye nyumba hulipa mara tatu: kujenga, kutindua na kupiga lipu upya.

Hatua kwa hatua

*Kabla ya msingi.* Chora nyumba kwenye karatasi, uonyeshe jiko, bafu, choo, mahali pa mita, taa, swichi na soketi. Jiko na bafu vikikaribiana, mabomba huwa mafupi na gharama hupungua. Shimo la maji taka liwe upande wa chini wa mteremko, na lisiwe karibu na kisima kwa chini ya mita 30.

*Wakati wa msingi.* Acha matundu yatakayopitisha bomba la maji safi, bomba la maji taka na waya mkuu wa umeme. Kila tundu liwekewe kipande cha bomba pana kuliko bomba litakalopita, ili msingi ukitulia usilibane na kulipasua. Bomba la maji taka la milimita 100 lishuke takribani sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Lipimwe kwa kumwagiwa maji kabla sakafu haijamwagwa zege.

*Boma linapopanda.* Mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya yapandishwe pamoja na kozi za matofali, na visanduku vya swichi na soketi viachiwe nafasi zake. Nyaya zinaweza kuingizwa miaka miwili baadaye bila kugusa ukuta. Njia ya umeme isichanganywe na ya maji, na soketi isiwekwe bafuni.

*Wakati wa kupaua.* Simtanki la lita 1,000 likijaa lina maji yenye uzito wa tani 1. Mbao za kenchi zilizokusudiwa kubeba bati hazifai kwa mzigo huo. Jenga mnara wenye msingi wake. Panga pia mahali pa gata, kwa sababu mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 huleta takribani lita 500. Ukikusudia umeme wa jua, kumbuka kwamba Katavi iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini. Acha njia ya nyaya zake tangu sasa.

*Kabla ya lipu.* Maji yajazwe kwenye mabomba na viungo vyote vikaguliwe. Piga picha za kila ukuta. Siku utakapotaka kupigilia msumari, picha hizo zitakuonyesha mahali usipopaswa kuugusa.

Fundi na vifaa

Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini, ambayo imekuwa shilingi 27,000, haihusu mfumo wa nyaya ndani ya nyumba. Mfumo huo ni jukumu la mteja. Kwa nyumba ndogo isiyo na mfumo wa nyaya kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari. Uliza kama nyumba yako inastahili.

Leseni za ufundi umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake kabla hujampa fedha ya awali. Kunua nyaya zenye alama ya ubora ya TBS, na uchukue risiti. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, na soketi 2.5. Waya mwembamba kuliko mzigo wake hupata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Usikubali kamwe kuachiwa nyumba bila waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na njano. Umeme ukivuja kwenye bati la friji au jiko, waya huo huupeleka ardhini na kukiwezesha kifaa cha kinga kuukata. Usipokuwapo, njia ya umeme huwa mwili wa atakayegusa, na mara nyingi ni mama aliye jikoni au mtoto anayecheza. Omba pia kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30.

Kabla ya malipo ya mwisho

Mkataba uandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, nao useme kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya majaribio. Kisha uliza haya:

1. Je, mfumo wa umeme umepimwa kwa kifaa mbele yako, au fundi amewasha taa tu?
2. Je, umekabidhiwa mchoro wa nyaya wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni?
3. Je, mabomba yote yamejazwa maji bila kuvuja?
4. Je, unajua ilipo swichi kuu na ilipo koki kuu ya maji?

Jibu likiwa hapana hata kwa swali moja, kazi haijakamilika. Una haki ya kumtaka fundi arekebishe kabla ya kumlipa salio, na akikataa, peleka mkataba na risiti zako kwa mamlaka iliyompa leseni.